Kovu la Kidole Gumba cha Kushoto

Juzi nilialikwa shuleni kama mhanga wa kisu.

Mimi, bibi wa miaka sabini na nne! Nikavaa koti langu zuri, nikaenda. Nimerudi najitia kinyaa mwenyewe.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Mji wetu hapa Hyogo, Japani, ni mji wa wahunzi. Mwaka 1960 nilikuwa na miaka tisa, na kila mtoto darasani alikuwa na kisu cha kukunja cha kuchongea penseli. Aliyeshangaza watu ni asiyekuwa nacho.

Na ukijikata? Weee! Unachekwa mpaka unalia. "Mikono laini kama tofu hiyo!"

Siku moja nikajikata. Kidole gumba cha kushoto. Damu mpaka kwenye daftari.

Mwalimu Miyake akaja mbio. "Nani kakufanyia hivi?"

Sikutaka kuchekwa. Basi. Msinitafutie sababu nyingine.

Nikamnyooshea kidole jirani yangu. "Kiyotaka."

Kiyotaka alikuwa mtoto wa mhunzi Nagata, aliyetengeneza visu vya nusu ya darasa.

"Mwongo! Sijamgusa!" akapiga kelele.

Nani amsikilize? Siku hizo redio zilikuwa hazina habari nyingine ila vijana na visu. Sasa na mji wetu ukapata kisa chake.

Wiki ileile Mwalimu Miyake, aliyetufundisha kunoa yeye mwenyewe, akapita na kopo la biskuti akikusanya visu vyetu. Mama zetu, waliokuwa wakitugombeza tukisahau kisu nyumbani, wakaanza: "Kisu kwa mtoto? Ushenzi gani huu!" Unafiki mtupu, unatapisha.

Mzee Nagata akaja kwetu, akainama kuomba radhi mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akaniletea pipi.

Nilizila, jamani. Nikiwa na bandeji yangu, nikazimaliza zote.

Mwaka haukuisha karakana yake ikafungwa. Nani tena anunue kisu kwa baba wa mtoto mkatili?

Sasa turudi juzi. Shule ileile inataka kurudisha visu, watoto wajifunze kuchonga penseli kwa mkono. Wazazi wanaopinga wakanifuata nyumbani. "Bibi Masuyo, we waonyeshe kovu tu."

Nafika ukumbini, nani fundi aliyeletwa kufundisha? Kiyotaka! Kichwa cheupe pe, miwani puani.

Mjukuu wangu Honoka, anayesoma hapo, alikuwa amekaa mbele, kanikodolea macho.

Nikainua kidole. Nikasema moyoni, Masuyo, leo sema ukweli. Nikafungua mdomo.

"Nilikatwa na mwenzangu darasani."

Yaani tena! Mbele yake!

Mikono ikanyooshwa kupiga kura, visu vikakataliwa, Kiyotaka akafunga sanduku lake la vifaa.

Nikamkuta mlangoni, kwenye rafu za viatu.

"Masuyo, unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi. Anayechonga kwa kulia hujikata gumba la kushoto. Mtoto yeyote wa mhunzi anajua. Baba alijua siku ileile, alipoiona bandeji yako."

"Alijua? Sasa mbona aliinama?"

"Nilimuuliza hivyohivyo, huku nalia. Akasema, mwache, ana miaka tisa, akikua atasema mwenyewe."

Akavaa viatu vyake polepole.

"Alifariki na miaka themanini na nane. Kila mwaka mpya alikuwa ananiuliza kama umeshasema."

Akaondoka. Hata hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nyumbani Honoka akaniuliza, "Bibi, sasa sisi tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu, mwanangu. Nimekosa mimi."

Nikamweleza yote. Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu kibaya barabarani. Haki yake.

Haya mliyosoma nimeyachapa, na leo asubuhi nimeyabandika kwenye ubao wa shule, jina langu kamili chini. Nakala nyingine nimeipeleka kwenye kaburi la mzee Nagata, pamoja na pipi.

Wazazi, mnawapekua watoto mikoba mkitafuta visu. Sawa. Ila mtoto akimtaja mwenzake, muulizeni mara mbili. Kidonda changu kilipona kwa wiki mbili tu.

Na we uliyewahi kumsingizia mtu ukiwa mdogo, nenda kaseme leo. Mimi nimekua nikiwa na miaka sabini na nne, na aliyekuwa akinisubiri hayupo.