Refa Aliyevimba Uwanjani

Refa wa mtaani alikuwa mtu wa haki, ila kila akichezesha mechi, kabla ya mapumziko uso ulimvimba kama puto na midomo ikashindwa kushika filimbi. Siku moja macho yalifumbika kabisa, akaupa mlingoti wa goli kadi nyekundu. Msiniulize kama mlingoti ulitoka. Chama cha mpira kikamwambia: usipopona, filimbi irudi.

Mkewe akampeleka kwa daktari wa mzio.

“Siku za mechi unakula nini?” daktari akauliza.

“Mkate tu, dokta. Na mkate nala kila siku, sivimbi.”

“Na ukikimbia asubuhi?”

“Nakimbia na njaa yangu. Sivimbi.”

Daktari akatabasamu. Akampa mkate, wakangoja wee. Kisha akampandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nesi kasimama na sindano mkononi. Dakika ya kumi masikio yakawa mekundu, mashavu yakaanza kuumuka.

“Huyoo, anavimba!” mkewe akashangilia kama amefunga goli.

Nesi akamchoma, uvimbe ukashuka. Daktari akaeleza kwamba mkate peke yake haumdhuru, wala mbio peke yake. Vikikutana ndipo mzio unapoamka. Basi asile mkate saa kadhaa kabla ya mechi, na sindano aiweke karibu.

Filimbi akabaki nayo. Sasa anachezesha na njaa, hasamehe hata kikohozi, na wachezaji wanamlilia mkewe: “Shemeji, mpe japo ndizi!”