Upande wa Nyuma wa Shuka

Tulimzika mama yangu kijijini Mbebe, kwenye milima ya Ileje, mahali alipoishi zaidi ya nusu ya maisha yake. Wakati wa kurudi Mbeya mwanangu ndiye aliyeendesha. Tulipofika Nanyala nikamwomba asimame kidogo.

"Mama, unataka kununua nini hapa?"

Nikamwambia sitaki kununua kitu. Nilitaka kuuona uwanja wa shule niliyosoma.

Uwanja haupo. Pana maduka, pana vijana wanaoziba pancha, na malori yameegeshwa yakielekeza pua mpakani. Lakini mwinuko wa ardhi ni ule ule, na niliposimama pale nilijua vile vigingi viwili vilichimbiwa wapi na shuka la sinema lilitazama upande gani. Keti nami, rafiki yangu, nikueleze. Nimelia vya kutosha kule Mbebe, sasa ninaweza kusema.

Nilikuwa darasa la pili, Mwingereza angali anatutawala. Gari la sinema lilikuwa likipita kwetu mara chache kwa mwaka, likitoka Mbeya kwenda Tunduma. Tulilisikia kabla ya kuliona, maana lilikuwa na kipaza sauti juu ya paa. Tukilisikia tuliacha kila kitu. Bibi peke yake ndiye aliyeweza kumaliza kusonga ugali wa ulezi huku gari linaita.

Shuka jeupe lilifungwa kwenye vigingi katikati ya uwanja wa shule. Mbele yake waliketi wanaume: wazee kwenye viti, vijana kwenye nyasi. Pakijaa huko, na palijaa mapema, wanawake na watoto tuliketi nyuma ya shuka. Mwanga ulipenya, picha tukaiona vizuri kabisa. Hakuna aliyelalamika. Nyuma palikuwa na nafasi, palikuwa na viazi vya kuchoma vilivyofungwa kwenye kanga, na hapakuwa na mzee wa kutunyamazisha. Baridi ya Mbozi wakati wa kuchuma kahawa unaijua. Tulibanana kama vifaranga, tukanukia moshi sote.

Kitu ambacho vijana wa leo hawakiamini ni jinsi tulivyozijua zile picha. Zilikuwa chache, zilirudiwa, na kati ya ujio mmoja wa gari na mwingine tulikuwa na miezi mizima ya kuzijadili. Tulizijadili kwenye vichanja vya kahawa. Wanawake walisimama upande huu na upande huu, wakichambua punje mbovu, na wanaume waliokuwa wakizungusha mashine ya kumenyea walidakia kutoka kule. Tulifika hata kumjua mtengenezaji bila kumwona. Kulikuwa na Mzungu mmoja ambaye kila picha yake ilianza na miguu. Kabla hujaona uso wa mtu, unaona miguu yake inatembea: pekupeku, au kwenye viatu vya makatambuga. Jina lake hatukulijua. Tulimwita Bwana Miguu. Ikianza picha ya mtu mwingine watu waliguna. Ikianza miguu, uwanja mzima ulishangilia.

Bingwa wa mambo haya alikuwa jirani yetu. Alifanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, huko walikoziita picha bayaskopu, akarudi na kiti cha kukunja na neno la heshima la huko, "mukwai", kila baada ya sentensi. Yeye na mkewe waligombana juu ya Bwana Miguu kuliko walivyogombana juu ya chakula.

"Yule mwizi wa baiskeli alikunja kulia, akatumbukia mtoni," jirani alisema.

"Alikunja kushoto. Mto ulikuwa kushoto."

"Mwanamke, nilikuwa macho!"

"Ulikuwa macho kama ulivyokuwa macho kanisani Jumapili?"

Vichanja vyote vilicheka. Wanaume wakasema kulia, wanawake wakasema kushoto, na kila upande uliamini upande wa pili umelewa pombe. Ilikuwa hivyo kwa picha nyingi. Hakuna aliyejiuliza zaidi ya hapo.

Sasa nikueleze habari za nyumbani. Baba yangu aliondoka mimi ninanyonya. Alikwenda kwa miguu hadi Tunduma, akavuka, akaenda migodini kama wengine. Kwanza zilikuja salamu, halafu hazikuja tena. Watu waliorudi waliulizwa, na jirani naye aliulizwa, akajibu, "Migodi ni mingi, mukwai." Baba mkubwa, kaka yake baba, alianza kusema kwamba aliyepotea hivyo amekufa, tuweke matanga, tunyoe, tumalize, ili mama naye awe huru kuolewa angali na nguvu. Bibi, mama yao, alikataa. "Aliyekwenda kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake," ndilo lilikuwa neno lake. Bila bibi kukubali matanga hayawekwi. Mama hakusema lolote. Alilima, alichuma, alilala na mimi kwenye kitanda kimoja. Bibi akaacha kula vizuri, akabaki mifupa, akawa anakaa jikoni akitazama moto.

Halafu ikaja picha ya mgodi. Ilianza na miguu, mingi, ikiingia kwenye tundu la ardhi. Kisha akaonekana mtu mmoja amevaa kofia ya chuma, amegeuza uso kidogo, anapiga mwamba kwa nyundo. Nyundo ilikuwa mkono wa kushoto.

Bibi alinishika bega hadi nikaumia. "Baba yako," alisema. Baba alikuwa na mashoto. Alipokuwa mdogo bibi alimfunga ule mkono kwa kitambaa ili azoee wa kulia, akashindwa. Mtu yule alipiga, akapangusa jasho kwa mkono ule ule wa kushoto, akapotea. Ni kitambo cha kumeza mate mara chache tu. Lakini bibi alirudi nyumbani akiimba, na asubuhi alikula uji akaomba tena. Baba mkubwa alipofungua mdomo kuhusu matanga, bibi alimjibu, "Utamnyolea mtu anayefanya kazi?"

Na mimi, sikufichi, nilianza kuwa na baba. Shuleni niliwaambia wenzangu baba yangu yumo kwenye sinema. Usiku nilijaribu kuvuta ule uso ugeuke.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa kuchuma, bwana sinema, mwenye lile gari, alipita kwa haraka akamwachia mwalimu ujumbe. Safari ijayo angekuja na picha za Bwana Miguu peke yake, zote alizonazo, kwa sababu mikanda imechakaa na baada ya hapo itaondolewa. Ila petroli ya mashine ya umeme ingetosha picha tatu tu. Tuchague wenyewe.

Rafiki yangu, kahawa ile mwaka ule ilichambuliwa vibaya! Hakuna aliyekuwa akiangalia punje. Mwalimu alipigia debe picha ya treni na daraja, akasema ina mafunzo. Jirani akamwambia mafunzo tumeyachoka, tunataka mwizi wa baiskeli, na yeyote ambaye hajamwona akianguka mtoni bado hajazaliwa. Wanawake walitaka picha ya harusi iliyovurugwa na ng'ombe. Wasichana waliokuwa hawajaiona walisimuliwa yote, mpaka ng'ombe anavyotembea, halafu wakaambiwa, "Lakini kuona ni kitu kingine, usikose." Wengine walikuja kutoka vijiji vya jirani kutia neno.

Bibi alisubiri kelele zipungue. "Mimi naomba ile ya mgodi."

"Ah, mama," jirani alisema, "ile haina hata kichekesho. Watu wanachimba, basi. Mimi nimechimba, naijua."

Mkewe alimpiga kiwiko. "Nyamaza wewe. Mama anataka kumwona mwanawe."

Hata mashine ya kumenyea ilisimama. Kisha mwalimu akasema picha ya treni inaweza kusubiri, ingawa alijua haitasubiri. Ikawa baiskeli, harusi na mgodi. Jirani naye, kwa aibu na kwa wema, akatoa ahadi yake: "Mama, safari hii hutakaa nyuma na watoto. Utakaa mbele, kwenye kiti changu, mukwai. Umwone vizuri."

Nikimkumbuka namwombea heri. Hakuna aliyetutakia mema kuliko yeye.

Siku ilipofika bibi alivaa nguo yake ya kanisani. Nikaketi miguuni pake, mbele kabisa, katikati ya wanaume. Mama alikwenda nyuma na wanawake kama kawaida. Miguu ikaanza, uwanja ukashangilia. Ilikuwa picha ya baiskeli. Mwizi akaja mbio, nikaegemea kushoto kumsubiri, na yeye akakunja kulia.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani nimekosea. Lakini katika harusi ng'ombe naye aliingia kwa mlango usio wake, na bibi harusi aliketi upande usio wake. Hapo nikajua kinachokuja. Nilitaka kumwambia bibi twende nyumbani, nina homa. Niliinua uso nikamwona anatabasamu, mikono imetulia mapajani, nikarudisha macho kwenye shuka.

Miguu ikaingia kwenye tundu la ardhi. Akaja yule mtu wa kofia ya chuma. Akainua nyundo kwa mkono wa kulia.

Bibi hakulia. Alisimama, akapita katikati ya wazee bila kuomba radhi, akazunguka vigingi kwenda nyuma. Nikamfuata. Huko mtu alikuwa bado anapiga, kwa kushoto. Akapangusa jasho kwa kushoto. Mama alikuwa ameketi palepale karibu na shuka. Bibi alimshika mkono, akamwambia, "Njoo mbele uone."

"Sitaki huko mbele, mama," alijibu. "Niache hapa."

Mkanda ulipokwisha bibi alimwendea bwana sinema aliyekuwa akikunja waya. Watu walikuwa wamekwisha kuelewa, maana walisogea wakamwachia njia.

"Mwanangu," alisema, "upande upi ndio wa kweli?"

Bwana sinema alimtazama, akamtazama mwalimu, akatutazama sote. Angeweza kudanganya. "Wa mbele, bibi," akasema. "Nyuma vitu vyote vinageuka."

"Haya," bibi alisema. "Asante."

Jirani alibeba kiti chake, akakiinamia kana kwamba ni kizito. Hatukumsikia akisema mukwai usiku ule.

Wiki haikuisha, bibi alimwita baba mkubwa akamwambia watangaze msiba. Tulinyolewa. Wanawake walilia jinsi inavyostahili kumlilia mtu, nami nililia nikimlilia yule wa kofia ya chuma, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumlilia. Baada ya mavuno mengine mama aliolewa na mkulima mmoja wa Mbebe aliyefiwa na mkewe. Mimi, kwa kuwa ni mtoto wa ukoo, nilibaki na bibi. Mama alipoondoka alikuwa amevaa viatu vipya, na kwa miaka mingi nilikumbuka viatu hivyo tu. Nilimwona kama mtu aliyekuwa akingoja ile picha igeuke ili apate njia. Nilimtembelea, nilimheshimu, nilimpelekea sukari na sabuni. Moyo wangu ulikuwa mbali kidogo.

Mwezi huu, alipokuwa amelala asiweze kuinuka, nilimwuliza kwa nini siku ile hakutaka kuja mbele. Nilidhani amesahau. Alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza.

"Kuona nini? Nilijua si yeye tangu mara ya kwanza. Mtu uliyelala naye huwezi kumkosea mgongo."

"Mbona hukusema, mama? Ulikaa mwaka mzima."

"Bibi yako alikuwa ameanza kula," alisema.

Kisha akaomba maji, nikampa kwa kijiko, na tukazungumza habari za maharage yake, nani atayavuna. Hatukurudi tena kwenye lile jambo. Alifariki alfajiri moja kabla maharage hayajakauka.

Bibi alitangulia zamani. Jirani na mkewe wamelala pamoja nyuma ya kanisa, sijui kama wamekwisha kupatana juu ya ule mto. Mikanda ya Bwana Miguu iliondolewa kama tulivyoambiwa, na hakuna ninayemjua sasa ambaye ameona hata picha yake moja. Nikimsimulia mjukuu wangu ananiuliza jina la sinema aitafute kwenye simu, nami sina jina la kumpa. Simu yake anaitazama peke yake, ameinamisha kichwa, na picha zote ziko mbele.

Mwanangu alipiga honi. Nilirudi garini, nikafunga mkanda. Aliniuliza kama nimekiona nilichotaka, nikamwambia mama yangu aliketi pale, baridi ikimpiga, akimtazama mwanamume asiyemjua akipiga mwamba, na hakumwambia mtu.

Mwanangu hakuelewa. Akaondoa gari polepole, kama mtu anayebeba mgonjwa.