Chanjo Niliyoionja Mkunya

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi wa korosho walipandisha malori yao Newala, wakaondoka na magunia, na juu ya magunia wakafunga matenga ya kuku. Sina ugomvi na biashara. Ugomvi wangu ni kwamba matenga yale yalizunguka Masasi, Lupaso na kwetu Mkunya yakisambaza mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku banda zima, na wakati huohuo dawa za bure za mifugo zilikoma, tukaambiwa tukanunue dukani. Duka lenyewe hatukuonyeshwa. Mama yangu alikuwa mjane, na kila kitu ambacho korosho haikutosha kukilipia kilitoka kwenye banda la kuku. Mdondo ulishalifagia banda hilo zaidi ya mara moja.

Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara mjini, mahali walipokuwa wakijaribu kutengeneza chanjo ya mdondo kwa kutumia mionzi. Tulikuza vijidudu vya ugonjwa ndani ya mayai, tukavivuna, kisha tukavipitisha kwenye mionzi mikali. Mionzi inaviua, haviwezi tena kuzaana, lakini sura yao haiharibiki sana. Kuku akichomwa sindano, mwili wake unaiona ile sura na kujifunza kupigana na adui kabla hajaingia. Niliipenda kazi hiyo mpaka nikawa nawachosha watu kwa kuisimulia. Ulipofika wakati wa kuijaribu chanjo vijijini, nilimbembeleza mkuu wangu tuanzie Mkunya, naye akakubali.

Kikao tulichowaitia wanakijiji kiliharibika pale mkuu alipotamka neno mionzi. Watu walikuwa wamesikia redioni habari za mabomu ya nyuklia. Mzee mmoja akauliza kama mayai yatakuwa yanawaka gizani, na mkuu akacheka. Kicheko kile kiliniudhi, kwa sababu swali lilikuwa la haki kabisa. Watu wakaanza kusimama, wakikung'uta nguo zao waondoke.

Hapo ndipo mama aliponiita mbele za watu. Lazima nieleze kwamba kwetu juu huku maji hupandishwa kwa kichwa kutoka bondeni, na kumpa mtu maji si jambo dogo. Anayekupa huonja kwanza, ukimwona, ndipo anakukabidhi. Asiyeonja, hata akiwa ndugu yako, unamshukuru na kukiweka chini chombo chake.

"Hiki umekileta wewe, mwanangu," mama alisema. "Onja."

Mkuu aliniinamia sikioni. Aliniambia chanjo haithibitishwi kwa ulimi, kwamba sisi si waganga, na kwamba nikithubutu nisipande gari lake tena. Alichosema kuhusu ulimi kilikuwa kweli, na nilikijua kabla yake. Lakini nilijua pia kwamba watu wakitawanyika pale, mama atabaki na banda tupu kwa mara nyingine. Nikachukua bomba la sindano, nikaichomoa sindano yake, nikadondosha chanjo ulimini na kumeza. Ilikuwa na chumvichumvi kama jasho.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama alinitazama kooni mpaka akaridhika, akaenda nyumbani, akarudi na tetea wawili kwapani. Wanawake wengine wakamfuata. Mkuu aliwachanja kuku wote walioletwa, na alipomaliza aliutoa mfuko wangu garini akauweka chini.

Mdondo ulikuja na malori ya msimu uliofuata. Upande wa pili wa kijiji, ambako wengi hawakuja kikaoni, watu walizika kuku kila asubuhi. Mama alipoteza tetea mmoja tu, akanisema wiki nzima kana kwamba nilimnyonga mwenyewe.

Baadaye dereva wa maabara alifika na ujumbe wa mkuu. Matokeo yamependeza, naweza kurudi kazini, ila kwanza niombe radhi mbele ya wenzangu kwa kuigeuza sayansi kuwa kiapo cha kijijini. Niliitaka kazi ile. Niliitaka sana, maana Mkunya hapakuwa na maabara ya kunisubiri. Mama, aliyekuwa akimenya mihogo, alinishauri niende nikaombe hiyo radhi. Maneno hayatoboi mfuko, alisema, na kuku wake wameshapona.

Nilimkasirikia mkuu, na mama nikamkasirikia pia. Yeye ndiye aliyenisimamisha mbele za watu, na sasa alitaka nikaseme nilikosea kumsikiliza. Nilimwambia dereva amfikishie mkuu shikamoo yangu, kwa sababu ni mkubwa kwangu na alinifundisha kazi.

"Halafu mwambie siombi radhi," nikasema. "Siku ile aliyeniambia nisionje hakuwa na kuku hata mmoja."