Nani Ataezeka kwa Eulogia

Eulogia alikuwa mjane mwenye llama wachache wa kubeba mizigo na mdomo mkali, lakini kazi ya mtu hakuwahi kuila bure. Ukimlimia, naye atakulimia. Ukimjengea, msimu wa viazi utamkuta shambani kwako jua halijachomoza, anakusema kwa uvivu. Ndivyo watu wa Wayllapata, juu milimani, wanavyojuana nani ana watu na nani hana.

Mvua ilipoibomoa nyumba yake, wakaja vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, warefu, mashavu yamebabuka kwa baridi. Walikanyaga udongo, wakafyatua matofali, wakapandisha kuta huku wakiimba. Eulogia akawapikia supu, kisha akamvuta pembeni Fortunato, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa akiwatafsiria.

"Muulize huyu kijana wao, Lasse, shamba lake liko wapi, niende nikamlimie."

Fortunato aliuliza, akacheka. "Hana shamba."

"Basi kwa mama yake. Hakuna hata ukuta wa kukandika?"

"Anasema usijali, mama. Hataki kitu. Amefurahi tu."

"Amefurahi nini? Nyumba yangu kuanguka?"

Eulogia hakuelewa. Mtu akufanyie kazi halafu asitake umfanyie yake, amekuonaje? Kwao, asiyeweza kurudisha kazi huitwa yatima, hata awe na mvi. Na kumchukia Lasse hakuweza, maana kijana mwenyewe alikuwa mwema, bakuli lake analiosha mwenyewe.

Viazi vikakomaa. Kila asubuhi watu walipita mlangoni kwake na majembe, wakamsalimu vizuri, wakaenda zao. Mwanzoni alidhani wamesahau kumwita. Kisha akapita wifi yake Paskuala, dada wa marehemu mumewe.

"Wifi, mbona mwaka huu huniiti?"

"Nikuite kwa lipi? Nimekuwekea hata tofali moja? Wewe si una wageni wako!"

Paskuala hakusimama. Eulogia akabaki mlangoni, na kwa mara ya kwanza akaiogopa ile nyumba. Wageni wangeondoka. Yeye angebaki na kuta nzuri kuliko zote kijijini, bila mtu wa kumwita wala wa kumwitikia.

Siku ya kuezeka, Lasse alikuwa amekwisha panda ngazi na mzigo wa nyasi.

"Shuka!" Eulogia alipaza sauti.

Fortunato akashtuka. "Mama Eulogia, umerukwa na akili? Mvua hiyo inakuja!"

"Ashuke. Kuta zinatosha."

Lasse akashuka, uso umemwiva, akauliza amekosea nini. Hata Eulogia mwenyewe hakuona kosa la kijana liko wapi. Akamjaza viazi vya moto mifukoni, akafunga kwenye kitambaa majani ya koka, ambayo kwao aombwaye kazi akiyatafuna amekubali, akaenda kwa Paskuala.

"Wifi, nimekuja kuomba. Mje mniezekee."

Paskuala alitazama mawingu, akatazama kuta zisizo na paa kule chini. "Wageni wako wamechoka?"

"Nimewashusha mwenyewe."

Paskuala akanyoosha mkono kwenye kitambaa, akachagua majani mazuri, akayatia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Na viazi vyangu," akasema, "atachimba nani?"

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Eulogia akalichukua.