Sakafu ya Mama Kioo

Mtaa mzima ulimwita Mama Kioo, na jina hilo hakupewa bure. Sebule yake ilikuwa na sakafu ya saruji nyekundu, na kila Jumamosi aliipiga polishi mpaka mgeni anayeinama kuvua viatu anajiona pua. Viatu vilivuliwa mlangoni bila mtu kuambiwa. Kizuri chajiuza, na sakafu ile ilijiuza yenyewe miaka yote aliyoishi na mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa pini tangu ujana.

Kudeki, kwa Mama Kioo, ilikuwa elimu. Hakumvumilia mtu anayemwaga ndoo nzima sakafuni halafu akatembeza tambara kama anayefukuza bata. Kwanza unafagia, pembeni kabla ya katikati. Kisha unalikamua tambara mpaka liishe machozi. Unaanzia ukuta wa mbali, unarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, maana anayedeki akienda mbele anazidekia nyayo zake mwenyewe. Vigae vya jikoni vinataka sabuni kidogo na kusuuzwa sana. Saruji inataka maji kidogo na polishi nyingi, na hapo kwenye polishi ndipo alipokuwa hashauriki.

Hata fundi alilijua hilo. Akitoka chumbani kwenda mezani hakukatiza sebule hata siku moja, bali aliambaa ukuta, kiganja kikipapasa chokaa, mpaka akafika kwenye kiti chake. Mama Kioo aliona fahari. "Mume wangu anaiheshimu sakafu yangu kuliko anavyoniheshimu mimi," aliwaambia majirani, nao walicheka.

Msimu wa mvua, fundi aliteleza kwenye ngazi za karakana yake, akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali kwa muda mrefu, na binti yao ndiye aliyemuuguza. Hatimaye binti akapiga simu.

"Mama, kesho tunamleta. Anatembea na mkongojo. Lakini daktari amesema akianguka tena, hatasimama."

"Hapa kwangu haanguki," Mama Kioo alijibu, na alimaanisha.

Basi akafanya kile alichokijua. Mwenye nyumba anarudi, nyumba lazima ing'ae. Alifagia, akadeki, akafungua kopo jipya la polishi, akasugua akiwa amepiga magoti mpaka mabega yakamuuma. Wifi yake, dada wa fundi, alipofika kusaidia alisimama kizingitini akashika mdomo.

"Wifi, leo umepitiliza. Hata nzi atateleza."

Alikuwa amekuja na mkongojo wa marehemu baba yao, ili kaka yake awe na wa akiba. Mpira wa chini ulikuwa bado mzima. Mama Kioo aliupokea, akavaa ndala za mumewe, akaenda katikati ya sebule kuona kama urefu utamfaa. Akauegemea kama anavyoegemea mgonjwa, kwa uzito wote. Mkongojo ukakimbia. Kama wifi yake asingemdaka kwapani, wangekuwa na wagonjwa wawili wa nyonga.

Walisimama wameshikana. Mama Kioo hakuwa akijihofia yeye. Alimwona mumewe pale chini.

"Ajali haina kinga, wifi," alisema dada wa fundi, akihema. "Tutandike zulia tu, yaishe."

Mama Kioo alichukua zulia dogo la chumbani, akalitandaza, akalisukuma kwa kidole cha mguu. Likaserereka mpaka chini ya meza.

"Zulia juu ya polishi ni mtego uliofunikwa," alisema. "Na ajali ya barabarani ndiyo haina kinga. Hii ya sebuleni ina kinga, inaitwa brashi. Weka maji jikoni yachemke."

"Wifi, si umemaliza kupiga sasa hivi?"

"Ndiyo. Na sasa naitoa."

Wifi yake alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akaenda kuweka maji. Wakamwaga maji moto yenye sabuni ya unga kipande kwa kipande, wakaacha polishi ilowe, wakasugua kwa brashi ngumu ya kufulia. Polishi ya miaka ilitoka kama utando mwekundu, wakaikwangua kwenye pembe, wakasuuza, wakasuuza tena, wakafungua madirisha yote. Ilimuuma Mama Kioo, tusidanganyane. Sakafu ilipokauka ilikuwa imepauka, mikwaruzo na viraka vyote nje. Akauegemea tena mkongojo katikati ya sebule. Ukasimama imara.

Kesho yake fundi alifika, amekonda, binti yake akimshika mkono. Kwa mazoea akaanza kuhangaika na viatu mlangoni.

"Ingia navyo," mkewe alimwambia.

Fundi alitazama chini. "Mama, sakafu imepatwa na nini?"

"Imevuliwa. Pita."

Akaubonyeza mkongojo mara mbili, akauachia mkono wa binti yake. Mama Kioo alimsubiri aambae ukuta. Hakuambaa. Alikatiza katikati, ko, ko, ko, polepole, mpaka kwenye kiti chake, akakaa.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema.

"Siku zote ungeweza kupita hapo. Wewe tu na heshima zako."

"Heshima gani, mke wangu? Nilikuwa naogopa kuanguka."

Binti yao aligeuza uso asicheke. Mama Kioo hakucheka. Alikaa kwenye mkono wa kiti, karibu naye.

"Miaka yote hiyo hukusema?"

"Uliipenda mno," alisema fundi.

Jumamosi alideki kama kawaida, tambara limekamuliwa, akirudi kinyumenyume kutoka ukuta wa mbali. Katikati ya sebule alikuta alama nyeusi za mpira wa mkongojo, zimenyooka kutoka mlango wa chumbani hadi mezani. Angeweza kuzitoa kwa sabuni kidogo, alijua kiasi gani. Akadeki huku, akadeki kule, akaziacha. Jirani alipokuja kuuliza uchafu ule ni wa nini, Mama Kioo alimjibu kwa majivuno yaleyale ya zamani, "Hapo ndipo anapopita mume wangu."