Siku Niliyotangaza Kifo cha Pacha

Mpaka leo nikipita sokoni Likoni kuna mama mmoja muuza samaki hunipigia kelele, "Baba Pacha, pole na msiba!" na wenzake hucheka mpaka wakashikana mabega, nami huinamisha kichwa, maana haya ninazo na hasira ninazo, na zote nimejitakia mwenyewe.

Mimi ni fundi wa hospitali moja huku kwetu (jina niachieni, aibu yangu yatosha). Miaka yote nilikuwa nikifika asubuhi nachukua spana, napanda ngazi ya chuma mpaka juu ya paa, nagonga tangi la maji. Likiitika zito, limejaa. Likilia ngwee, mbio nikawashe pampu. Basi, elimu yangu yote ya maji ilikuwa hiyo na hatukuwahi kukaukiwa.

Wakaja wataalamu na kompyuta zao wakatuwekea kitu walichokiita pacha wa hospitali, yaani jengo letu zima ndani ya skrini, kila bomba na kila taa, na vifaa vidogo vya kupima vikimpelekea habari, hata pampu akawa anaiwasha na kuizima yeye mwenyewe. Nisiwadanganye, nilimpenda. Nilikuwa nikikaa kitini nikilitazama tangi la buluu kwenye skrini najiona injinia.

Siku ya mkasa walikuwa wanakuja wageni wakubwa kumtazama huyo pacha, nami nimevaa shati jeupe ambalo mke wangu alilipiga pasi mara mbili. Nikafika chini ya ile ngazi, kutu tupu. Nikatazama shati, nikamtazama pacha kwenye simu: tangi limejaa. Nikasema leo sipandi. (Mjinga mimi! Ngazi yenyewe ina vidato kumi na viwili tu!)

Tuko katikati ya maelezo, ofisi yetu imepakana na chumba cha upasuaji, mara akaingia Sista Riziki, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko.

"Fundi, maji yamekatika. Kuna mama yuko kitandani, ana mapacha, hawezi kungoja."

Mbele za wageni! Mkubwa wetu akanikazia macho, nami badala ya kunyanyuka nikamwonyesha sista skrini. "Maji yapo, sista. Fungua mfereji vizuri."

"Nifungue vipi tena? Njoo ufungue wewe na hiyo kompyuta yako!"

Nikabonyeza lile tangi la buluu ili nimuumbue, skrini ikawa nyeusi. Nikatoka na simu ukumbini kumpigia mtaalamu wa kompyuta, mtandao mbovu, hanisikii, nami hasira zimenipanda nikapiga kelele, "Pacha amekufa! Nasema pacha a-me-ku-fa! Eeh, sasa hivi, mkononi mwangu!"

Kwenye benchi la mlangoni alikuwa ameketi Bi Mwanasha wa Mtongwe. Mwenye mapacha mle ndani ni bintiye.

Sijapata kusikia kilio kama kile. "Yarabi! Mjukuu wangu!" Akaanguka chini, buibui huku, viatu kule, kina mama wote wa ukumbini wakamfuata kwa vilio, na mle ndani bintiye akasikia sauti ya mamake akaanza kupiga mayowe kwamba wamemficha kifo cha mwanawe. Sista akatoka mbio. "Mapigo ya moyo yanampanda! Nani kasema mtoto kafa?"

Nikasema ni mimi, lakini si mtoto, ni kompyuta.

Bi Mwanasha akaacha kulia, akanyanyua uso. "Kompyuta? Umeniliza kwa kompyuta? Huna haya wewe! Na maji je?"

Nilikimbia. Nikapanda ngazi, nikagonga: ngwee. Kipimo kilikuwa kimekwama juu, pacha akaamini tangi limejaa na pampu alikuwa ameizima tangu jana. Nikaiwasha kwa mkono, lakini maji yangechelewa kufika, kwa hiyo nikakimbilia kisima cha msikiti wa jirani, nikabeba mitungi begani, safari tatu, shati limekuwa tope, wageni wamejipanga dirishani wananitazama. Sista akayatia dawa, yeye na madaktari wakanawa, wakaendelea.

Watoto walitoka wazima, wote wawili, alhamdulillahi. Bi Mwanasha akaja nao mpaka niliposimama na mkubwa wangu, akafunua kanga.

"Hawa ndio mapacha. Watazame vizuri, fundi, siku nyingine usikosee."

"Naam, mama," nikasema.

Na mnajua mkubwa aliandika nini kwenye ripoti? Maonyesho yalikwenda vizuri! Nilipoisoma nilitaka kuichana. Wataalamu wamekuja wakabadilisha kipimo, pacha amefufuka, na sikatai, ana kazi yake, juzi alinionyesha bomba lililokuwa likivuja ndani ya ukuta, ambalo mwenyewe nisingeliona. Lakini wallahi kila asubuhi napanda ile ngazi na shati langu la kazi, nagonga tangi kwanza, ndipo nashuka kumsikiliza yeye. Na akizima, napanda tena juu ya paa ndipo nampigia mtaalamu, nasema "mtambo umezima", na neno kufa silitamki.