Nilivyopanda nyanya za Uvira kwenye baridi ya Mulenge wakati wa uasi

Wakuu, nawasalimu wote, vijana kwa wazee.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini mbegu iliyompa nyanya nyingi Morogoro imemwozea Makete. Nilisoma majibu yote, mengi ni ubishi tu. Nikaona nichangie, maana jambo hilo lilinikuta zamani, tena lilinikuta pabaya.

Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona. Nilipohadithiwa, nitasema nimehadithiwa. Mimi ni bibi wa Uvira, Kongo. Mjukuu ndiye anayeandika, mimi nasema. Kiswahili chetu mtakivumilia.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimeolewa Songo, mtaa wa Uvira, nina mtoto mmoja wa kunyonya, Furaha. Mume wangu alikuwa kibarua Bujumbura, anakuja nyumbani akipata ruhusa. Niliishi na mamamkwe.

Niseme ukweli, hatukupatana. Kitu kimoja tu kilitukutanisha, bustani.

Songo ni joto. Mvua kubwa zikiisha, ndipo sisi tunaanza kazi ya nyanya, kwa sababu ukizipanda kwenye mvua zinaoza. Unaandaa kitalu kivulini, unahamisha miche jioni, unatandaza majani makavu ili udongo usiungue, unamwagilia asubuhi na jioni. Lengalenga, ndiyo mchicha wenu, wewe unatupa mbegu tu, kabla hujasahau umeshaanza kuchuma.

Mwaka huo miche ilikuwa ndiyo imeshika pale waasi walipoingia mjini. Risasi zikalia, barabara ya Bujumbura ikafungwa. Baba Furaha akabaki huko.

Mamamkwe alisema, "Tupande Mulenge, kule milimani. Kule iko watu minye najua."

Watu hao walikuwa wafugaji. Baba wa nyumba tuliyoiendea alikuwa akishusha siagi sokoni Uvira, na mamamkwe alikuwa mteja wake wa miaka. Ndiyo undugu wote huo, wakuu. Siagi.

Tuliondoka na mtoto, sufuria, nguo, na mbegu nilizofunga kwenye pindo la kitenge. Kupanda ile milima na mtoto mgongoni sitaeleza sana. Aliyewahi kukimbia anajua, ambaye hajawahi Mungu amwepushie.

Walitupokea. Mke wa nyumba aliitwa Nyamvura, rika langu, Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni. Wakatupa kibanda, na kipande cha shamba mteremkoni.

Wenyewe chakula hakikuwatosha, maana watu walikuwa wanazidi kupanda kutoka chini. Maziwa walitugawia, lakini huwezi kukaa unategemea kikombe cha mtu kila asubuhi. Nami maziwa yangu yalikuwa yanapungua. Furaha alikuwa akinyonya, halafu analia.

Kwa hiyo nikapanda haraka. Nyanya na lengalenga, vilevile kama Songo. Mvua zimeisha, si ndiyo majira yake?

Nyamvura alisimama pembeni akatazama. Akauliza, "Weye unapanda nini saa hii?"

Mamamkwe akajibu kabla yangu. "Sisi tumelima tangu zamani. Huyu wa ng'ombe atatufundisha nini?"

Alilisema mbele yake. Nyamvura akaenda zake kukamua.

Lengalenga ziliota, zikasimama. Urefu wa kidole, basi, majani yakawa mekundu kwa baridi. Nyanya ndizo zilinivunja moyo. Kule asubuhi ukungu unakaa mpaka jua liwe juu, majani hayakauki. Yakatoka madoa meusi, na shina nalo likafuata. Siku moja nilienda nikakuta shamba zima limelala kama limemwagiwa maji ya moto.

Nilikaa chini nikalia. Si kwa ajili ya nyanya. Nililia kwa sababu ya mtoto, na kwa sababu sikujua kama baba yake yuko hai.

Nyamvura akaja, akakaa karibu nami. Akasema, "Huku iko baridi, mama Furaha. Udongo hauna haraka. Twende nikuonyeshe."

Akanipeleka bondeni, kwenye kinamasi cha udongo mweusi ambao haukauki hata kiangazi. Wao wakati wa jua hawalimi mteremkoni, wanashuka pale. Wanainua matuta marefu, katikati wanachimba mifereji maji yapite. Kwenye matuta unaweka viazi, vitunguu na shu, yaani kabichi. Nyanya hapana. Mteremko unangoja mvua, na mvua kule zinawahi kuliko kwetu ziwani. Zikigusa tu, unapanda maharagwe na njegere.

Akanipa miche ya shu na viazi vya kupanda. Samadi nikajibebea zizini mwao.

Mamamkwe alikataa kuja. Alikaa kibandani akisema mboga ya baridi haina ladha. Lakini siku ya tatu au ya nne hivi nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Amekuja na jembe.

Akamwambia Nyamvura, bila kumtazama, "Huu mufereji wenu umepinda. Maji yatasimama." Akaunyoosha.

Nyamvura akautazama mfereji, akasema, "Sasa iko sawa, mama." Wakacheka wote wawili. Mimi nilibaki nimeshika mche mkononi.

Tulikula majani ya shu kabla hata hayajafunga. Viazi vikafuata, tukavila na maziwa. Sikuona muujiza wowote, wakuu, lakini polepole maziwa yangu yakarudi na Furaha akaanza kulala. Mchuuzi mmoja akatuletea habari kwamba Baba Furaha yuko Bujumbura, mzima, anatutafuta.

Mji ulipotulia kidogo, akaja mwenyewe kutuchukua. Nikafunga mizigo. Mamamkwe alikuwa mteremkoni, amepiga magoti, anasimika fito.

Mume wangu akamwambia, "Mama, twende."

Akasema, "Nendeni. Minye nangojea njegere zikomae."

Tulidhani anatania. Alibaki kule msimu mzima, anakula chungu kimoja na Nyamvura. Aliposhuka alikuja na kikapu cha viazi kichwani, na kuanzia siku hiyo Songo nzima haikupumua. Kila jirani aliambiwa matuta yake yamepinda. Shu tulizijaribu ziwani, zikakubali pale tu tulipozipanda miezi yenye upepo wa baridi, chini ya kivuli cha migomba. Mvua za joto zilizila zote.

Kwa hiyo kijana wa Makete, mbegu yako haina kosa. Umehama mahali, lakini saa ya kupanda umekuja nayo kutoka Morogoro. Ukifika pageni, kabla hujashika jembe, tazama jirani yako yuko shamba gani leo, mteremkoni au bondeni. Halafu muulize. Mimi nilichelewa kuuliza, na aliyekaribia kulipia ni mtoto.

Haya, nimechoka kusema na mjukuu amechoka kuandika. Wewe unayesoma uko wapi, na wiki hii mikono yako iko kwenye mboga gani? Andikeni hapo chini, atanisomea yote.